Zebaki haiishi: mwongozo kamili kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu na familia zao

Zebaki ni elementi, kama ilivyo dhahabu yenyewe. Elementi haiungui ikaisha. Mchimbaji anapochoma donge lake la dhahabu iliyoshikana na zebaki juu ya mkaa na ile rangi ya fedha ikapotea, kila gramu ya zebaki iliyokuwemo bado ipo mahali fulani: imepanda hewani, imeganda kwenye bati la paa, imeingia kwenye mapafu ya aliyeinama pale kupuliza moto. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya swali moja ambalo nakuomba ujiulize kila hatua ya kazi: zebaki yangu sasa iko wapi?

Nimewaandikia wachimbaji wa Geita, Kahama, Chunya, Migori, Kakamega na Ituri, pamoja na wanaoishi nao: wake, watoto, mama lishe wa machimboni, wavuvi na wakulima wa mpunga walio chini ya mialo, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa kumwaga zebaki hewani, karibu asilimia 38 ya zebaki yote inayotokana na shughuli za binadamu. Wa kwanza kuivuta si watu wa mbali. Ni anayechoma, na mtoto anayecheza jirani.

Kemia unayohitaji kabla ya kushika karai

Zebaki huja kwa sura tatu, na kila moja ina njia yake ya kuingia mwilini.

Ya kwanza ni ile metali ya majimaji unayoijua. Lita moja ina uzito wa kilo 13 na nusu. Huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini haisubiri kuchemka ndipo itoe mvuke: hata ikiwa imekaa tu kwenye kikombe chumbani inatoa mvuke usio na rangi wala harufu, na joto likizidi mvuke nao huzidi. Ukimeza tone la zebaki hii kwa bahati mbaya, karibu yote hupita tumboni na kutoka. Ukivuta mvuke wake, karibu asilimia 80 hubaki mwilini. Ndiyo maana mtu anaweza kushika zebaki kwa mikono miaka mingi akadai haina neno, huku madhara yakiingia kwa puani.

Mvuke huo huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupenya kuta za ubongo na kondo la nyuma bila kizuizi. Ukishaingia, kemia ya mwili huung'oa elektroni na kuugeuza kuwa ayoni yenye chaji. Ayoni yenye chaji haipiti kwenye mafuta. Mlango ulioingilia umefungwa, na zebaki inabaki ndani ya ubongo, au ndani ya mtoto aliye tumboni.

Sura ya pili ni chumvi za zebaki. Hizi ndizo huwekwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua, nazo hushambulia figo zaidi.

Sura ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: zebaki ya methili. Haitengenezwi na mchimbaji. Hutengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye matope yasiyo na oksijeni, wale wanaopumulia salfeti au chuma mahali ambapo sisi tunapumulia oksijeni. Chini ya dimbwi, kwenye kinamasi, kwenye jaruba la mpunga lililojaa maji, bakteria hawa huchukua zebaki na kuibandika kikundi cha kaboni moja na hidrojeni tatu. Kuanzia hapo inafyonzwa tumboni karibu yote, na huchukua takribani siku 50 mwili kupunguza nusu yake. Kiumbe mdogo anayo kidogo, samaki anayekula viumbe wengi anakusanya ya wote, samaki anayekula samaki anakusanya zaidi. Ndani ya samaki mla-samaki inaweza kufika mara milioni moja au zaidi ya kiasi kilichomo kwenye maji anamoishi.

Dunia ilijifunza hili Minamata, nchini Japani. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga maji yenye zebaki kwenye ghuba. Paka walianza kupagawa na kufa, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa watu waliokuwa wakila samaki wa pale. Kiwanda kiliendelea na utengenezaji ule mpaka mwaka 1968. Walikuwepo akina mama wenye dalili chache tu waliojifungua watoto walioharibika ubongo vibaya. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa mwaka 2013 unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Hatua ya 1: Fungua daftari la zebaki

Nunua daftari na mizani ndogo ya dijitali, ile ya kupimia dhahabu inatosha. Kabla ya kazi, pima zebaki unayotoa kwenye chupa. Baada ya kazi, pima uliyorudisha. Andika zote mbili.

Chukua mfano huu. Umetoa gramu 30. Ulipokamua kwa kitambaa zimerudi 24. Kwenye ritoti, chombo cha kuchomea kilichofungwa tutakachokiona Hatua ya 4, zimerudi nyingine 4.7. Jumla ni 28.7, kwa hiyo gramu 1.3 hazijulikani zilipo. Gramu hizo hazijaisha. Ziko kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kuosha dhahabu), kwenye maji ya kuoshea, hewani, au bado zimo ndani ya dhahabu. Na uliyepoteza ni wewe, kwa sababu uliinunua. Anayechoma wazi hupoteza kila siku fedha ambayo hajawahi kuijumlisha, na nadhani daftari hili linashawishi kuliko bango lolote la onyo.

Hatua ya 2: Usiiweke zebaki kwenye karasha

Baadhi ya wachimbaji huimwaga moja kwa moja kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe kwa gololi za chuma, pamoja na mawe yote. Katika kazi nzima hii ndiyo njia inayopoteza zebaki nyingi kuliko zote. Gololi huisaga zebaki ikawa vitone vidogo kama unga, vilivyozungukwa na udongo na grisi. Vitone hivyo havishikani tena wala havikamati dhahabu vizuri. Vinaondoka na maji, na dhahabu iliyoshikwa navyo inaondoka vilevile.

Saga kwanza bila zebaki. Pitisha unga kwenye ubao wenye magunia, kusanya mchanga mzito, uoshe tena kwa karai mpaka ubaki kiasi kidogo cheusi. Kwenye kiasi hicho tu ndipo zebaki itumike. Kama ulikuwa na mifuko kumi ya mawe, sasa una mchanga wa bakuli moja, na zebaki inayohitajika inapungua kwa uwiano huohuo.

Mkataba wa Minamata unataja vitendo vinne vya kukomeshwa kwenye uchimbaji mdogo, na hiki cha kuchanganya zebaki na mawe yote ndicho cha kwanza. Vingine ni kuchoma donge hadharani, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kuweka sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kwenye marudio yenye zebaki bila kuitoa zebaki kwanza. Hivyo vitatu vinakuja mbele.

Hatua ya 3: Changanya na kukamua ndani ya beseni, mbali na mto

Fanya kazi hii juu ya beseni pana la plastiki au karo dogo la saruji, ili tone likidondoka lidondoke mahali unapoweza kuliokota. Usifanyie mtoni wala kisimani. Vaa glavu za mpira zisizotoboka. Kamua kwa kitambaa kizito, pole pole, mpaka zebaki isitoke tena. Donge lililokamuliwa vizuri bado lina zebaki karibu nusu ya uzito wake: donge la gramu 10 lina takribani gramu 5 zinazosubiri moto.

Zebaki iliyorudi iweke kwenye chupa ya plastiki nene au kioo, mimina maji juu yake yafunike, kisha funga kifuniko. Maji hayo ni kizuizi cha mvuke. Chupa isilale chumbani unapolala, isikae karibu na jiko, wala isiwekwe kwenye chombo cha aluminiamu, kwa sababu zebaki huila aluminiamu.

Hatua ya 4: Choma ndani ya ritoti

Hapa ndipo maisha ya watu yanapoharibika zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mvuke wa zebaki hewani usizidi mikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa mwaka. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2 na nusu kina mita za ujazo 30, kwa hiyo kiwango chake ni mikrogramu 30 tu kwa chumba kizima. Zile gramu 5 za kwenye donge ni mikrogramu milioni 5. Zingetosha kufikisha kiwango hicho kwenye vyumba zaidi ya laki moja na elfu sitini. Hewa ya chumba haiwezi kubeba mvuke wote huo. Unaobaki huganda kwenye kuta, paa, magodoro na vyombo, kisha hupanda tena polepole kila jua linapowaka, kwa miezi. Chumba kilichochomewa dhahabu mwaka jana kinaweza kuwa kinatoa mvuke hadi leo.

Ritoti ni chombo rahisi. Kina kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachokaza, na bomba linalotoka juu yake likiinama kuelekea chini. Zebaki inageuka mvuke kikombeni, inapoa ndani ya bomba, inadondoka ikiwa metali tena, sawa na mvuke wa wali unavyogeuka matone kwenye kifuniko cha sufuria. Ikitumiwa vizuri inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kuitengeneza kwa viungo vya mabomba, kwa masharti haya:

- Chuma cha kawaida au cha pua. Bomba la shaba au aluminiamu halifai, zebaki inajichanganya nalo. Bomba la maji lililopakwa zinki halifai kabla zinki haijaondolewa, na moshi wa zinki nao ni sumu.
- Ritoti mpya ichomwe tupu kwanza, nje, ili grisi na uchafu viishe.
- Mdomo wa bomba uishie juu kidogo ya maji ya chombo cha kupokelea, usizame. Ukizama, moto ukipungua bomba hunyonya maji kwenda kwenye kikombe cha moto, na kikombe kinaweza kulipuka.

Sasa uchomaji wenyewe. Paka ndani ya kikombe chaki au masizi ili dhahabu isigande. Weka donge, usijaze kikombe. Kaza kifuniko, na zibia maungio kwa udongo laini uliochanganywa na majivu. Funga bomba kwa vitambaa na uviloweshe maji kila mara. Washa mkaa uzunguke kikombe pande zote pamoja na kifuniko, kwa sababu kifuniko kikiwa cha baridi zebaki itaganda pale na kurudi chini. Matone yakianza kudondoka, endelea kupuliza moto kwa utulivu. Yakikoma, ongeza dakika chache na ugonge bomba taratibu ili yaliyonata yashuke. Ondoa moto.

Kisha subiri. Usifungue ritoti mpaka uweze kuishika kwa mkono mtupu bila kuungua. Anayeifungua ikiwa ya moto anapokea usoni mvuke wote uliobaki, na kazi yote ya ritoti imekuwa bure kwake.

Kazi hii ifanyike nje, upepo ukitoka nyuma yako, mbali na nyumba na vibanda vya chakula. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiwepo kabisa. Kitambaa cha kufunga pua na barakoa ya vumbi haviuzuii mvuke hata kidogo. Unaozuia ni uso bandia wenye kichujio cha kaboni kilichotengenezwa mahsusi kwa zebaki. Nguo za kazi zibaki kazini. Na sufuria au kikaango kilichowahi kuchomea dhahabu kisirudi jikoni tena.

Dhahabu itakayotoka kwenye ritoti bado ina zebaki kidogo, kawaida asilimia chache. Hiyo hutoka kwa mnunuzi anapoiyeyusha kwa nyuzi zaidi ya 1,000, mara nyingi kwenye duka dogo katikati ya mji. Kama wewe ni mnunuzi, weka bomba la kuvuta moshi lenye sehemu ya kupoozea mvuke, na usikae dukani na mtoto mgongoni.

Hatua ya 5: Marudio na maji

Marudio ya mwaloni yana zebaki, na mara nyingi huuzwa kwa wenye matenki ya sayanaidi ili kutoa dhahabu iliyobaki. Tatizo la kikemia hapa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Zebaki ya metali ni nzito na haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Ikiachwa, sehemu kubwa hutulia mahali pamoja. Sayanaidi huishika na kuiyeyusha. Maji ya tenki yakivuja, yanaibeba mbali kuliko ambavyo ingefika yenyewe, na sehemu yake huishia kwenye matope ambako wale bakteria wanasubiri.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza au kupeleka marudio yaliyoguswa na zebaki, yapitishe tena kwenye ubao wa magunia na karai ili uitoe zebaki inayoonekana. Yale ambayo hayakuguswa na zebaki kabisa, na ndiyo faida nyingine ya Hatua ya 2, yawekwe lundo lake. Malundo yote mawili yakae mahali palipoinuka ambapo maji ya mvua hayafiki, kwenye shimo lililosiribwa kwa udongo wa mfinyanzi au turubai zito. Udongo wetu mwekundu wenye chuma hushika zebaki vizuri, na hiyo ni bahati kubwa ya Kanda ya Ziwa. Lakini ukimomonyolewa na mvua unaondoka na zebaki yake.

Kuhusu maji ya kunywa: kuchemsha hakuondoi zebaki, na dawa ya klorini haiondoi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya methili kwa lita, na macho hayawezi kukipima. Kisima kilicho chini ya mwalo kipelekwe sampuli maabara, na wakati mkisubiri majibu chukueni maji upande wa juu.

Hatua ya 6: Samaki na mchele

Samaki msiwaache. Ni protini ya bei nafuu, na vipimo vingi vilivyochapishwa vya samaki wa Ziwa Victoria vimekuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumiwa na masoko mengi. Kinachotakiwa ni kuchagua. Dagaa na sato wako chini kwenye mlolongo wa kula. Sangara anakula samaki wenzake, na sangara mkubwa ameishi miaka mingi akikusanya.

Hesabu yake ni hii. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, ili kumlinda mtoto aliye tumboni. Mama wa kilo 60 ana mikrogramu 96. Samaki mwenye miligramu 0.05 kwa kilo anamruhusu kula karibu kilo 1.9 kwa wiki. Samaki mwenye miligramu 0.4 anamruhusu gramu 240 tu, mlo mmoja. Mjamzito wa machimboni ale dagaa na sato, sangara wakubwa awaachie wengine, na samaki wa kwenye mashimo ya maji ya machimbo wasiliwe na mtu yeyote. Kukausha, kukaanga au kupika kwa muda mrefu hakuiondoi, kwa sababu imeshikana na protini ya nyama yenyewe.

Mpunga nao uangaliwe. Katika jimbo la Guizhou nchini China, kwenye maeneo ya migodi ya zebaki, watafiti walikuta kwamba watu walikuwa wakiipata zebaki ya methili kwa wali kuliko kwa samaki. Jaruba ni matope yasiyo na oksijeni. Msielekeze maji ya mwalo kwenye majaruba.

Kuacha zebaki kabisa

Kwa dhahabu iliyosafishwa vizuri kwa karai, boraksi inaweza kuchukua nafasi ya zebaki. Wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino wameitumia kwa miongo kadhaa. Boraksi huyeyuka kwenye nyuzi 743, hushusha kiwango cha kuyeyuka cha madini mengine na kuyageuza takataka nyepesi ya kioo. Dhahabu inazama chini. Changanya mchanga mzito na boraksi kwa kiasi sawa au zaidi, weka kwenye chungu cha kuyeyushia, puliza mkaa mpaka vyote viyeyuke. Haifai kwa kila mwamba, na inamtaka mtu hodari wa karai. Jaribu kwa sehemu ndogo ya mchanga wako, pima, linganisha na daftari.

Ikimwagika, au mtu akiugua

Zebaki ikimwagika ndani, watoe watoto, fungua madirisha, vua pete na bangili za dhahabu. Usifagie, ufagio huigawa vitone na kila kitone kinaongeza eneo la kutoa mvuke. Kusanya kwa vipande viwili vya karatasi ngumu kuelekea katikati, nyonya vidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, okota vilivyobaki kwa gundi ya utepe. Vyote viingie kwenye chupa yenye maji. Kwenye nyufa nyunyiza unga wa salfa. Salfa huungana na zebaki polepole na kuifunga.

Mtu aliyevuta mvuke mwingi kwa mara moja huanza na kikohozi, homa, kifua kubana na ladha ya chuma mdomoni, ndani ya saa chache. Huyo apelekwe hospitali upesi, maana mapafu yanaweza kujaa maji usiku huohuo. Anayeivuta kidogo kidogo kwa miaka hutetemeka mikono, hasa anapoandika au kushika kikombe, hukosa usingizi, husahau, hukasirika bila sababu, fizi zinavimba. Machimboni dalili hizi husingiziwa pombe au malaria. Mwambie daktari wazi kwamba unachoma dhahabu, kwa sababu asipojua hataagiza kipimo kinachofaa: mkojo ndio unaoonyesha zebaki ya mvuke, na damu au nywele ndizo zinazoonyesha ile ya samaki. Nchini Tanzania unaweza kuulizia vipimo vya maji na sampuli nyingine kwenye Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo pia ndiyo inayosajili wanaouza na kutumia kemikali. Zipo dawa za kusaidia mwili kuitoa zebaki, zinazotolewa hospitali kwa uangalizi, ila hazina maana kama mgonjwa anarudi kesho kwenye moto uleule. Cha kwanza ni kumtoa kwenye mvuke.